Viini viwili vyenye spidi au viini vinne? Prosesa ya kompyuta ya gemu

#1 Mgeni_wa_Bodi

Wakuu, naomba ushauri wa kiufundi, ushabiki wa kampuni tuuweke pembeni.

Mashine iko hivi: prosesa Pentium G4560 (viini 2, nyuzi 4 yaani mikondo minne ya kazi kwa wakati mmoja, 3.5 GHz), bodi ya H110 yenye nafasi mbili za RAM, kijiti kimoja cha 8GB DDR4-2400, kadi ya michoro GTX 1650 ya 4GB, SSD ya SATA, skrini ya 1920x1080 ya 60Hz. Gemu ni Counter-Strike 2 (CS2) pamoja na zile za ramani kubwa za kuzunguka na gari mjini.

Kaunta ya fremu inasoma vizuri tu. Shida ni kwamba ghafla picha inaganda, inaachia, inaganda tena, hasa moshi ukirushwa au watu wakijazana. Naona njia tatu: i3-7350K yenye viini viwili lakini 4.2 GHz, i5-7500 yenye viini vinne vya 3.4 GHz, au kung'oa kila kitu na kuanza upya. Wengi wanadai gemu hupenda spidi kuliko idadi ya viini, kwa hiyo i3 itashinda. Ni kweli?

#2 Bisibisi

Ilikuwa kweli, mkuu. Mwaka 2008 ulikuwa unapanga E8400 ya viini viwili, 3.0 GHz, dhidi ya Q6600 ya viini vinne, 2.4 GHz. Gemu nyingi za wakati ule zilitumia uzi mmoja au miwili, kwa hiyo viini viwili vya Q6600 vilikaa vikitazama tu na E8400 ikaongoza. Ushauri wa "spidi kwanza" ulizaliwa hapo na haujafa mpaka leo.

Kilichobadilika ni mashine za sebuleni. PS4 na Xbox One zilitoka 2013 zikiwa na viini vinane vya polepole, 1.6 GHz kwa PS4 na 1.75 GHz kwa Xbox One. Kiini kimoja cha aina hiyo hakibebi gemu nzima, hivyo watengenezaji walilazimika kuikata kazi vipande vipande. Gemu hizo zilipohamia kwenye kompyuta zilikuja na tabia hiyo hiyo. Mwisho wa 2014 Far Cry 4 na Dragon Age: Inquisition zilitoka zikiwa hazikubali prosesa zenye nyuzi mbili tu. Waliokuwa na Pentium G3258 walikuwa wameipandisha kupita 4 GHz kwa raha zao, na bado wakabaki na skrini nyeusi.

Linganisha hata mahitaji ya chini ya gemu yako mwenyewe. CS:GO ya 2012 iliomba Core 2 Duo E6600, viini viwili. CS2 ya 2023 inaomba nyuzi nne, i5-750 kwenda juu. Kwa kuwa G4560 ina nyuzi nne, mlangoni unapita. Ukishaingia ndani, nyuzi hizo nne zimebebwa na viini viwili, na hapo ndipo kigugumizi chako kinapoanzia.

Skrini ya 60Hz inakupa milisekunde 16.7 kwa kila fremu. Ndani ya muda huo kuna uzi wa mantiki ya gemu, uzi wa kuandaa michoro, fizikia, sauti, kufungua mafaili ya ramani, nyuzi za draiva ya kadi, halafu Windows yenyewe na kivinjari ulichokiacha wazi. Siku ya utulivu vyote vinaenea kwenye viini viwili. Moshi ukirushwa, kazi zinakuja kwa mkupuo, uzi mkuu unasubiri zamu, na fremu moja inachukua milisekunde 80.

Sasa piga hesabu ya kaunta: ukitoa milisekunde 80 kwenye sekunde moja zinabaki 920, nazo zinatosha fremu 55. Kaunta itaandika 56. Jicho limeona mgando, namba inasema mambo safi. Ndiyo maana wastani wa fremu peke yake haumwambii mtu lolote kuhusu viini viwili. Tazama muda wa fremu na asilimia 1 ya chini, yaani kasi ya zile fremu chache zilizochelewa kuliko zote.

Kuhusu i3-7350K kwenye bodi yako: ni viini 2 na nyuzi 4 vilevile, spidi imezidi kwa asilimia 20, kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) 4MB badala ya 3MB. Herufi K unailipia ili uipandishe spidi, na H110 hairuhusu kuipandisha. Hiyo iondoe kwenye orodha leo hii.

#3 Nyundo

Naunga mkono i5, na hesabu yake ni rahisi tu: 3.4 mara 4 ni 13.6 GHz, i3 ni 4.2 mara 2, yaani 8.4. Mjadala umefungwa.

#4 Bisibisi

Umefika kunakotakiwa kwa njia ya panya, Nyundo. GHz hazijumlishwi. Kuna kazi haiwezi kugawanywa: huwezi kuchora risasi ilikopiga kabla hujajua mchezaji amesogea wapi.

Sheria ya Amdahl, ya 1967, ndiyo ya kutumia. Chukua fremu ambayo kiini kimoja kingeimaliza kwa milisekunde 24, na asilimia 60 ya kazi yake inagawanyika. Kwa viini viwili unapata 9.6 za kutogawanyika, ukijumlisha 14.4 kugawanya kwa 2: jumla 16.8. Umekosa mpaka wa 16.7 kwa unywele. Kwa viini vinne ni 9.6 kujumlisha 3.6, yaani 13.2. Viini mara mbili vimekupa takriban asilimia 27 za ziada, siyo 100. Lakini asilimia 27 hizo zimekuvusha mpaka, na zimekuachia milisekunde 3.5 za akiba kwa ajili ya mkupuo unaofuata. Raha ya viini vinne iko kwenye hiyo akiba.

Sehemu inayogawanyika inategemea gemu na mfumo wa michoro. Kwenye DirectX 11 sehemu kubwa ya amri za kuchora hupita kwenye uzi mmoja, kwa hiyo spidi ya kiini kimoja bado ina sauti. DirectX 12 iliyokuja na Windows 10 mwaka 2015, na Vulkan ya 2016, huruhusu amri hizo kuandaliwa na nyuzi kadhaa kwa pamoja.

#5 Kipimajoto

Mbona tunampa mgonjwa dawa kabla hajapimwa? Kigugumizi kina vyanzo vingi, na vingine havijui kuhesabu viini. Kadi ya 4GB ikijaa, inaganda. RAM ikijaa, inaganda. Prosesa ikichemka na kujipunguza spidi, inaganda. Gemu ikiandaa shedo (programu ndogondogo za kuchorea) kwa mara ya kwanza, inaganda hata kwenye prosesa ya viini kumi na sita.

Fanya hivi kwa mpangilio:

1. Zima V-Sync (inayofunga fremu zifuate kasi ya skrini) na uondoe ukomo wa fremu. Kwenye CS2 andika fps_max 0 kwenye konsoli. Ukiacha ukomo wa 60, kadi itaonekana imelala na utailaumu prosesa bure.
2. Weka MSI Afterburner na RivaTuner. Onyesha kwenye skrini: matumizi ya kadi, VRAM (kumbukumbu ya kadi) iliyotumika, RAM iliyotumika, matumizi ya kila uzi wa prosesa mmoja mmoja, na grafu ya muda wa fremu.
3. Cheza sehemu ileile mara mbili. Tupa matokeo ya mara ya kwanza, hayo yamechanganyika na shedo na upakiaji wa mafaili.
4. Shusha mwonekano hadi 1280x720 na urudie. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa inabana. Zikibaki palepale, ni prosesa au RAM.
5. Fungua HWiNFO, angalia joto na mstari wa "Thermal Throttling". Ukisoma "Yes", shughulikia feni na pesti ya kupitishia joto kabla ya kufikiria kununua chochote.

Onyo kuhusu Task Manager: ukurasa wa kwanza unakupa asilimia ya jumla. Kwenye prosesa ya nyuzi nne, uzi mmoja uliozidiwa kabisa unasomeka asilimia 25, na mtu anasema prosesa inapumzika. Bofya kulia kwenye grafu, chagua "Change graph to", kisha "Logical processors". Na hata hapo Windows huhamisha uzi kutoka kiini hiki kwenda kile mara nyingi kwa sekunde, kwa hiyo unaweza usione mstari wowote uliofika 100 ilhali uzi mkuu umekabwa. Kipimo cha uhakika zaidi ni kadi: ikiwa haifiki 95 na hakuna ukomo wa fremu, kuna kitu nyuma yake kinaichelewesha.

#6 Mgeni_wa_Bodi

Nimefuata yote. CS2: kadi inacheza kati ya 55 na 70, nyuzi zote nne ziko 95 hadi 100, VRAM 2.9GB, RAM 7.4GB kati ya 8. Kushuka 720p hakukuongeza fremu. Joto halizidi 68. Kwenye gemu ya mjini hali ni tofauti kidogo: nikisimama kadi inafika 98, nikiendesha kwa kasi inashuka hadi 60 na ndipo mgando unapotokea.

#7 Kipimajoto

Safi sana. Una wagonjwa wawili kwenye kitanda kimoja.

Wa kwanza ni prosesa, hana ubishi: nyuzi zote zimejaa, kadi haina kazi, 720p haikusaidia. Gemu ya mjini inathibitisha. Ukisimama kadi ndiyo mpaka. Ukikimbia, ramani mpya inafunguliwa na kupanuliwa na prosesa, wakati huohuo ikitakiwa kuendelea kulisha kadi.

Wa pili ni RAM. 7.4 kati ya 8 maana yake Windows tayari inahamishia vitu kwenye SSD. Tena ni kijiti kimoja, yaani chaneli moja: DDR4-2400 inapitisha GB 19.2 kwa sekunde kwa chaneli, vijiti viwili vinapitisha 38.4. Weka kijiti cha pili cha 8GB kabla hata ya kugusa prosesa. Prosesa ya viini vinne juu ya chaneli moja inakuwa na midomo minne inayolishwa kwa kijiko kimoja.

Ukishaweka, fungua CPU-Z ukurasa wa Memory. Idadi ya chaneli isomeke mbili, na "DRAM Frequency" isomeke karibu na 1200. Usishtuke, hiyo ni nusu ya 2400 kwa sababu DDR hupeleka data mara mbili kwa kila mpigo.

#8 Dada_Soketi

Nakubaliana na wakuu kuhusu kipimo, nakataa i5-7500. Kama anabaki kwenye bodi hiyo, achukue i7-7700 isiyo na K. Soketi ileile, wati 65 zilezile za i5, viini 4 na nyuzi 8, 3.6 GHz ikipanda hadi 4.2, kashe 8MB. i5-7500 ina nyuzi nne, sawa na alizonazo sasa, ingawa safari hii kila uzi una kiini chake. Gemu za miaka ya karibuni zinazijaza nyuzi nne hizo bila taabu, na kigugumizi kinarudi kwa sura nyingine.

Uzuri wa kesi hii ni BIOS, programu ya bodi inayoiamsha mashine. G4560 yenyewe ni ya kizazi cha saba, kwa hiyo bodi tayari inakijua kizazi hicho. Mwenye H110 iliyotoka na prosesa ya kizazi cha sita ndiye anayepaswa kupandisha BIOS kwanza, akiwa bado na prosesa ya zamani ndani.

Mtego mkubwa hapa unaitwa LGA1151. i3-8100 nayo ni LGA1151, viini vinne, inaingia kwenye soketi yako bila kulazimishwa, na haitawaka. Kizazi cha sita na saba ni bodi za mfululizo wa 100 na 200, cha nane na tisa ni mfululizo wa 300. Jina la soketi ni moja, mpangilio wa umeme ni tofauti. Watu wengi wananasa hapo kwa sababu wamesoma jina la soketi wakaishia hapo.

Na i7-7700K kwenye H110 msiiguse. Ni wati 91, sehemu za kulisha umeme za bodi za daraja hilo ni nyembamba, na kuipandisha spidi huwezi.

#9 Nyundo

Vipi kuhusu wale wenye Q6600 au FX-4300? Nazo ni viini vinne. Na laptopu ya i7-7500U? i7 si lazima iwe na vinne?

#10 Dada_Soketi

Nianze na laptopu, kwani ndiyo inayodanganya watu wengi. i7-7500U ina viini viwili na nyuzi nne, wati 15. Vivyo hivyo i7-6500U na i5-7200U. Herufi U kwa Intel ilimaanisha viini viwili karibu kote mpaka kizazi cha nane, 2017, i7-8550U ilipoleta vinne. Ukiona "i7" kwenye stika, umejua cheo tu. Idadi ya viini isome CPU-Z, chini kabisa: "Cores" na "Threads".

Q6600 ni viini vinne kwa maana ya vipande viwili vya viini viwili vilivyowekwa chini ya kofia moja, vikizungumza kupitia basi ya bodi. Lakini tatizo kubwa zaidi ni umri wa maagizo yake: haina SSE4.1, haina AVX. Gemu inayodai maagizo hayo haitafunguka kabisa, au itafunguka na kufunga bila neno. G4560 yenye viini viwili inaifunika Q6600 kirahisi, kwa sababu kila kiini chake kinafanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo, na mpigo wenyewe ni wa kasi zaidi. Ila nayo Pentium hiyo haina AVX, Intel waliizima kwa makusudi kwenye daraja hilo. i3 na i7 za kizazi hichohicho wanazo AVX na AVX2.

FX-4300 ni moduli mbili, kila moja na viini viwili vinavyogawana kitengo cha hesabu za desimali. Kwenye karatasi ni vinne. Gemu ikitaka hesabu hizo kwa wingi, vinapanga foleni wawili wawili.

Kwa hiyo idadi ya viini inalinganishwa ndani ya familia na kizazi kimoja. Ukivuka kizazi, hesabu ya vidole haisaidii.

#11 Bisibisi

Niongezee mfano mmoja mtamu hapo. Ryzen 3 3100 na 3300X zilitoka pamoja Mei 2020: viini 4, nyuzi 8, kashe ya L3 16MB, wati 65 zote mbili. Lakini 3100 imepangwa viini viwili upande huu na viwili upande ule, kila upande na 8MB zake. Kiini cha upande mmoja kikitaka data ya upande wa pili inabidi ivuke, na kuvuka kunachukua muda. 3300X viini vyote vinne vinakaa pamoja wakila kashe moja ya 16MB. Kwenye gemu 3300X inaongoza kwa tofauti kubwa kuliko ile ya GHz peke yake, 3.6 kwa 3.8. Ukisoma tangazo huwezi kuliona hilo.

Kuhusu nyuzi nane za i7 nakubali, nikiwa na angalizo. Hyper-Threading haiongezi kiini. Uzi mmoja ukisubiri data kutoka RAM, wa pili unatumia vitengo vilivyobaki wazi. Kwa kazi iliyogawanyika vizuri unaweza kupata kama robo ya ziada, kwenye gemu nyingine hupati kitu. Bado viini 4 na nyuzi 8 ni bora, kwa sababu nyuzi ndogondogo za draiva na sauti zinapata mahali pa kujibanza bila kuusukuma uzi mkuu.

Ila mimi ningeuliza swali la tatu: kwa nini kuwekeza kwenye kizazi cha saba? Windows 11 inadai kizazi cha nane kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (kitengo cha usalama), na Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. i3-12100F ina viini 4 na nyuzi 8, kashe 12MB, inapanda hadi 4.3 GHz. Idadi ni ileile ya i7-7700, lakini kila kiini kina nguvu zaidi waziwazi. Na bodi ya LGA1700 inampa njia ya kwenda kizazi cha 13 na 14 baadaye.

#12 Dada_Soketi

Na kadi je? Kaka, GTX 1650 kwenye gemu ya mjini tayari inagonga 98 akiwa amesimama. i3-12100F ingeilazimisha kadi hiyo kufika mwisho wake, hapo inasimama. Atakuwa amebadilisha bodi na prosesa ili apate kile ambacho i7-7700 ingempa kwa kufungua feni na kuweka kitu kimoja.

Kama angekuwa ananunua kadi kubwa zaidi pia, nisingebisha. Tena ningemwambia aanzie viini sita. Kadi yenye nguvu ikiwekwa nyuma ya viini vinne vya zamani inakaa inasubiri kulishwa. Na awe makini na kadi kama RX 6500 XT inayotumia njia nne tu za PCIe, kiunganishi cha kadi na bodi: bodi yake ni PCIe 3.0, na kadi ya 4GB yenye njia nne kwenye 3.0 inaumia kila VRAM inapofurika.

#13 Bisibisi

Hoja ya kadi naipokea. Ya Windows sijaiacha.

#14 Mgeni_wa_Bodi

Nimewaelewa wote. Kadi sibadilishi kwa sasa, kwa hiyo kijiti cha pili kwanza, halafu i7-7700 iliyotumika. Naomba hatua za kubadilisha na vitu vya kukagua kwa muuzaji. Na kwa wanaobaki na viini viwili, kuna cha kufanya bila kununua?

#15 Kipimajoto

Nianze na la mwisho. Ndani ya gemu punguza vitu vinavyoilemea prosesa: idadi ya watu na magari mtaani, umbali wa kuona, ubora wa vivuli, na zima ray tracing kabisa. Kushusha ubora wa picha za ngozi za vitu (textures) au anti-aliasing hakuisaidii prosesa, hiyo ni kazi ya kadi. Funga kivinjari. Halafu weka ukomo wa fremu ambao mashine inaweza kuushika muda wote, mathalani 45, kupitia RivaTuner. Unapopunguza fremu unaiachia prosesa nafasi ya kupumua mkupuo unapokuja. 45 zilizotulia zinachezeka kuliko 70 zenye mgando.

Kuna ushauri unazunguka wa kufungua msconfig, Boot, "Advanced options", kisha kutiki "Number of processors" eti Windows iende kasi. Hauongezi chochote. Kisanduku hicho kinapunguza tu. Kinafaa kwa mtu anayetaka kujua gemu ingekuwaje na viini vichache, na hapo pia akumbuke kinahesabu nyuzi, siyo viini. Kwenye prosesa yenye Hyper-Threading, namba 2 huenda ni kiini kimoja chenye nyuzi mbili.

#16 Dada_Soketi

Kwa muuzaji: juu ya kofia soma modeli na msimbo wa S-spec unaoanza na SR. Ukiona "Intel Confidential" au msimbo unaoanza na Q, hiyo ni sampuli ya majaribio, rudisha. Geuza uangalie vidoa vya dhahabu chini, visiwe vimechubuka wala kuungua. Vikipata alama ya mafuta, futa kwa pombe ya isopropili. Omba iwashwe mbele yako na usome CPU-Z: viini 4, nyuzi 8.

Kubadilisha:

Kwanza, kama diski imefungwa kwa BitLocker, isimamishe kwa muda na uhifadhi ufunguo wake. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza swichi ya kuwashia sekunde kadhaa kumaliza chaji iliyobaki.

Chomoa feni kwenye kichwa chake cha "CPU_FAN". Pini nne za plastiki za feni ya Intel zinazungushwa kufuata mshale, kisha zinavutwa juu. Pesti ikiwa imekauka, zungusha hitisinki kidogo kulia na kushoto kabla ya kuinua.

Inua wenzo wa soketi, toa Pentium kwa kushika kingo. Soketi ikiwa wazi, usipitishe kitambaa, kidole wala pumzi ya mdomo humo. Pini ziko kwenye bodi, ikipinda moja tu unaweza kupoteza chaneli moja ya RAM. Linganisha mapengo mawili ya pembeni na pembetatu ya dhahabu, iache i7 ishuke kwa uzito wake, funga wenzo. Wenzo utakuwa mgumu kidogo, ndivyo ulivyo.

Pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi katikati, basi. Pini za feni zibonyezwe kwa mshazari: ya kwanza, ya upande wa pili, kisha mbili zilizobaki, usikie mlio kila moja. Pindua bodi au chungulia nyuma uone ncha zote nne zimetokeza. Pini moja ikiwa haijashika, joto linapaa ndani ya dakika chache za gemu.

Feni fupi ya G4560 imetengenezwa kwa wati 54. i7-7700 itaifanya ipige kelele, na joto likifika 100 itajipunguza spidi. Tafuta hitisinki ya mnara yenye mabomba ya shaba, hata ndogo. Pima urefu wa kesi kwanza.

Ukiwasha, BIOS inaweza kukuambia prosesa mpya imegunduliwa na kukuomba ubonyeze F1. Ingia, hakikisha Hyper-Threading iko "Enabled" na RAM zote mbili zinasomeka 2400.

#17 Mgeni_wa_Bodi

Nimemaliza. BIOS inaona i7-7700, RAM 16GB, chaneli mbili. Joto 71 kwenye gemu kwa hitisinki ya mnara. Lakini Task Manager inaonyesha "Logical processors: 4". CPU-Z nayo inasema nyuzi 4. Hyper-Threading iko "Enabled". Nimeuziwa i5 yenye kofia ya i7?

#18 Kipimajoto

BIOS imeiita i7-7700, na jina hilo linasomwa ndani ya chipu yenyewe, siyo kwenye kofia. Fungua msconfig, Boot, "Advanced options". "Number of processors" imetikiwa?

#19 Mgeni_wa_Bodi

Imetikiwa, 4. Niliweka zamani kwa ule ushauri wa kuongeza kasi.

#20 Kipimajoto

Kwenye Pentium, 4 ilikuwa ndiyo yote uliyonayo, kwa hiyo hukuona tofauti. Ondoa tiki yenyewe, usibadilishe tu namba kuwa 8. Bonyeza OK, washa upya.

#21 Mgeni_wa_Bodi

Nane zimetokea. CS2, sehemu ileile ya mwanzo, moshi uleule: kadi 94 hadi 98, na grafu ya muda wa fremu imelala kama uzi wa kushonea.

#22 Nyundo

Na mimi nimekwenda kuangalia msconfig ya kwangu. Nisiulizwe nimekuta nini.